Waliosimama Nyuma ya Afande

Mzee Yekosofati Mafabi alikuwa na maoni juu ya kila jambo lililotangazwa redioni, na juu ya mengine ambayo redio ilikuwa bado haijapata nafasi ya kuyatangaza. Mwaka ule wa 1998 habari zilikuwa nyingi kama nzige, na yeye hakuruhusu hata moja ipite mtaa wake wa Mpumudde bila kupekuliwa. Alikuwa askari wa magereza hapo Jinja tangu ujana wake, na kupekua ndiyo kazi aliyostaafu nayo.

Mwezi wa Agosti alipanda kwenda Mbale, nyumbani kwao Nabuyonga, kwa sababu mwaka ulikuwa wa tohara na mjukuu wa kaka yake alikuwa anasimama mbele ya kisu. Mgisu, yaani mtu wa huko Mbale, anaweza kukosa harusi yake mwenyewe, lakini siku hiyo hakosi. Kijana alisimama vizuri, hakupepesa jicho, vigelegele vikapigwa. Pombe ya ulezi ikamiminwa mtungini, mirija mirefu ikagawiwa, wazee wakauzunguka mtungi. Hapo ndipo Yekosofati alipoanza.

"Mmesikia habari za kondoo?"

"Kondoo gani tena?"

"Wazungu wametengeneza kondoo bila baba. Picha yake imezunguka dunia nzima. Sasa mimi nauliza: sisi hapa tuna watoto wangapi waliotengenezwa bila baba, na mbona hakuna gazeti hata moja lililokuja kutuuliza tumewezaje?"

Wazee walicheka hadi mirija ikawatoka midomoni. Dada yake mkubwa, Nabifo, ambaye alimbeba mgongoni alipokuwa mchanga na hakuwahi kukubali rasmi kwamba amemshusha, hakucheka.

"Wewe mtoto," alisema, na mtoto mwenyewe alikuwa na mvi mpaka puani, "maneno hayo ndiyo unayowalisha Wasoga huko Jinja?"

"Wananisikiliza, dada. Kila jioni wanajaa. Na sasa kiti cha mwenyekiti wa mtaa kiko wazi, aliyekuwepo amehamia Kampala. Wamenisihi nigombee."

Hakuna aliyemsihi.

"Hata redio husikilizwa," Nabifo alisema. "Umewahi kuona mtu akisimama nyuma ya redio? Wewe kule ni mgeni. Walikuja kukusikia wakakuacha hapo hapo. Kiwanja cha baba kiko hapa kinaota majani. Rudi nyumbani uzeeke kati ya watu wako."

"Mimi si mgeni kule. Nimekaa Jinja kuliko nilivyokaa hapa."

"Basi tutaona watakapopanga mstari wa kura."

Mzee alitazama mtungi, akatazama nyuso za wazee zilizomgeukia zote kwa pamoja. "Sawa," alisema. "Watu wa Mpumudde wasiponichagua, nafunga mizigo, narudi hapa na mke wangu, na hamtasikia nikinung'unika."

Neno la namna hiyo, likisemwa mbele ya wazee katika mwaka wa tohara, ni sawa na kijana aliyekwisha kupakwa unga na kutolewa uwanjani. Halirudi ndani. Nabifo alitikisa kichwa polepole, akaagiza mtu aanze kufyeka kiwanja asubuhi yake.

Mkewe, Docus, alizipokea habari hizo akiwa ameshika kisu cha kukatia mboga, na Yekosofati alihakikisha meza iko kati yao.

"Umeniahidi kwa dada yako kama mbuzi wa mahari," Docus alisema. Alikuwa na bustani yake ya mboga, alikuwa na sauti yake katika kwaya ya kanisa, na aliwahi kuishi chini ya Nabifo alipokuwa bibi harusi. Kipindi kile kilimtosha.

"Hatuendi popote, Mama Annah. Watanichagua."

"Baba Annah, wewe una maoni. Kura ni kitu kingine."

Kura yenyewe haikuwa na karatasi wala sanduku. Siku ya uchaguzi wa mtaa, wagombea husimama mbele, wanaowataka wakapanga mstari nyuma yao, peupe, kila mtu akimwona mwenziwe. Mgombea haruhusiwi kugeuka. Yekosofati alikuwa akiusifu utaratibu huo kuliko kitu chochote ambacho serikali ilikuwa imewahi kufanya. "Sanduku lina tumbo," alikuwa akisema. "Linaweza kula kura usiku na kutapika nyingine asubuhi. Mstari hauna tumbo. Mstari hausemi uongo."

Mpinzani wake alikuwa Isiko, muuza nyama, mtu mpole ambaye hakuwahi kupingana na kiumbe. Ukimwambia mvua itanyesha, husema, "Hiyo nayo ni kweli." Akija mwingine akamwambia haitanyesha, husema vilevile, na wote wawili hutoka buchani wameridhika.

Jioni aliporudi kutoka Mbale, Yekosofati aliketi mahali pake, kwenye benchi la duka la Rehemah. Rehemah alikuwa mama wa Kiislamu mwenye ulimi wa wembe. Benchi alimwachia kwa sababu watu waliokuja kumsikiliza Afande, kama walivyomwita, waliondoka na chumvi na kiberiti. Siku hiyo benchi lilijaa, wengine wakachuchumaa.

"Hii kodi," Yekosofati alianza, "wanasema ni ya thamani iliyoongezeka. Mimi naitazama hii sabuni ya Rehemah. Thamani imeongezeka wapi? Tangu itoke kiwandani imekonda."

"Iache sabuni yangu!" Rehemah alisema kutoka ndani.

"Si imekonda? Zamani mche mmoja ulifua nguo za kikosi kizima. Huu ukiona maji unazimia."

"Afande, unanifukuzia wateja! Kodi nimeitunga mimi?"

Bogere aliingilia. Alikuwa mwendesha boda boda, baiskeli yake ina kioo kila upande kama gari la balozi, na alipenda kila kitu kipya. "Mzee, acha sabuni. Simu za mkononi zimefika. Mtu anaongea huku anatembea, hakuna waya."

"Kitakachotembea ni uongo," Yekosofati alisema. "Simu ya zamani ilifungwa mahali. Aliyekupigia alijua uko pale. Sasa wewe utapigiwa na abiria, utamwambia, 'Niko mlangoni kwako,' kumbe uko Nalufenya unatafuna samaki."

"Mimi?"

"Wewe. Juzi umeniweka juani mpaka nikakauka, na hapo huna simu. Wakikupa chombo itakuwaje?"

Watu walipiga makofi. Bogere alinuna. "Wewe mzee ni wa enzi za kengele."

"Kengele haikudanganya mtu. Ikilia, umechelewa."

Akatoka kwenye simu akaingia kwenye shule. Serikali ilikuwa imesema watoto wanne wa kila nyumba wasome bure. Mwalimu mmoja aliuliza mwenye watoto saba afanye nini. "Wanne wasome," Yekosofati aliamua, "wa tano alime, wa sita aimbe kanisani, na wa saba tumpeleke bungeni. Kule hakuna mtihani." Kisha akawagusa wafalme waliorudishiwa viti vyao, akasema mfalme asiye na gereza ni bwana harusi wa kila siku. Mpaka giza linaingia, alikuwa amewachekesha wote na kumuudhi kila mmoja kwa zamu.

Docus, aliyekuwa amekuja kununua chumvi, alisikia yote. Walipofika mlangoni alisema: "Umemtukana Rehemah, umemtukana Bogere, umemtukana mwalimu, na nusu ya mtaa ni watu wa mfalme. Nani atasimama nyuma yako? Baba Annah, nakuomba. Funga mdomo mpaka siku ya kura. Mtazame Isiko. Isiko hana adui."

Yekosofati alifikiri usiku kucha, akaona mke wake ana akili. Kuanzia kesho yake akaketi kwenye benchi akiwa amefunga mdomo kama geti la gereza.

"Afande," Bogere alimchokoza, "wanasema wadudu wameletwa kuja kula yale magugu yaliyofunika ziwa."

Maoni juu ya wadudu yalikuwa tayari. Yalikuwa yamemjaa mdomoni, ya moto kama muhogo uliotoka chunguni. Akayameza. "Hiyo nayo ni kweli," alisema.

Benchi zima lilimgeukia.

"Afande, unaumwa?" Rehemah aliuliza, akamtolea chai ya tangawizi. Kesho yake tena walimletea habari za wanamgambo, za mpira, za mtu aliyeoa mwanamke na mamaye, na kila moja aliipokea kwa "hiyo nayo ni kweli". Watu wakaanza kwenda nyumbani mapema. Benchi likabaki na Yekosofati na kuku wa jirani. Docus alifurahi, akidhani amani imekuja. Hakumsikia Bogere akisema chini ya dirisha la duka: "Kama ni mtu wa kutuambia 'hiyo nayo ni kweli', si tunaye Isiko? Na Isiko ana nyama."

Siku ya kura walikutana kwenye uwanja wa shule. Afisa aliyetumwa kutoka ofisi za divisheni alikuwa binti anayeitwa Shamim, ana kipenga shingoni na uso wa mtu aliyekwisha kusimamia mitaa mingine na kuchoshwa nayo. Aliwaweka wagombea mbali mbali, nyuso zao zikielekea ukuta wa darasa.

"Hakuna kugeuka. Hakuna kampeni. Nikipuliza, kila mtu asimame nyuma ya anayemtaka. Nikipuliza tena, hakuna kuhama, nahesabu."

Kipenga kililia. Yekosofati alikaza magoti. Alisimama kama alivyosimama siku yake ya kisu, akitazama mbele, asipepese jicho. Lakini siku ya kisu mtu huwa na kelele za ukoo mzima mgongoni. Hapa kelele zilikuwa upande wa Isiko, zimechangamka kama gulio. Nyuma yake yeye alisikia kikohozi kimoja, na alikifahamu kikohozi hicho. Alikuwa amekioa.

"Mama Annah," alinong'ona bila kugeuka. "Tukoje?"

"Usigeuke."

"Sijageuka. Nauliza."

"Niko mimi. Yuko yule mzee mpishi wa gereza, asiyesikia. Yuko Mama Night na mtoto mgongoni, na sidhani mtoto anahesabiwa. Na kuna mbuzi, lakini huyo alifungwa hapa tangu asubuhi."

"Rehemah je?"

"Yuko kwa Isiko."

Yekosofati hakupepesa jicho. Aliona mbele yake, kwenye ukuta ule mweupe, kiwanja cha Nabuyonga kimefyekwa safi, na Nabifo amesimama katikati akiwa na jembe la akiba. Alikuwa amezika rafiki zake wengi katika makaburi ya mji huu. Na bado dada yake alikuwa amesema kweli: walimsikia, wakamwacha hapo hapo.

Docus alitazama mstari wa upande wa pili, akaona watu wote wa benchi la Rehemah wamejipanga pale katikati ya kelele, wamekunja mikono, wanasinzia kwa kuchoka. Hawakuonekana kumpenda Isiko. Walionekana kama watu waliofika mahali wakakuta redio imeharibika. Ndipo alipoelewa ni nani aliyeiharibu.

"Baba Annah," alisema, na safari hii hakunong'ona. Alitumia sauti ile ya kwaya. "Hivi wale wadudu wa ziwani, wakishamaliza magugu watakula nini?"

"Mama, hakuna kampeni!" Shamim alipiga kelele.

"Binti yangu," Yekosofati alimjibu akiutazama ukuta, "mdudu anagombea kiti gani?"

Mtu alicheka upande wa Isiko. Shamim alifungua mdomo, akatafuta kifungu cha sheria kinachokataza wadudu, akakikosa.

Basi Yekosofati akaachilia. "Wamewaleta wadudu kutoka mbali waje kula magugu. Vizuri. Lakini hilo gugu lenyewe si nalo lililetwa kutoka mbali, na mtu aliyesema lina maua mazuri? Sasa wadudu watanenepa. Tutaletewa ndege wa kula wadudu. Ndege wakizidi, tutaletewa paka. Paka wakizidi, siku moja mtaamka mkute chui Nalufenya amelala barabarani, na serikali itatangaza tuwe watulivu, kwa sababu mtaalamu yuko njiani analeta kitu cha kula chui."

Kwa kuwa alikuwa akizungumza na ukuta, maneno yaliwafikia watu wa mbele tu. Wa nyuma walisikia kicheko bila kusikia chanzo, na hakuna kitu kinachomuumiza binadamu kama hicho. "Amesema nini? Chui gani?" Mmoja akasogea. Wawili wakasogea. Bogere alitoka kwenye mstari wa Isiko kwa hatua za mtu aliyedai haki yake muda mrefu.

"Afande! Kwa kuwa umepona, turudi kwenye simu. Juzi dokta ameitwa kwa simu ya mkononi, akaja, mama akajifungua salama. Hilo utasemaje?"

"Alipopigiwa alisema yuko wapi?"

"Alisema yuko njiani."

"Na alikuwa wapi?"

"Alikuwa anaoga."

Uwanja ulilipuka. Bogere mwenyewe alicheka, akakasirika kwa kucheka, akasogea zaidi ili ajibu vizuri. Rehemah hakuweza kuvumilia. Alikunja pindo la gauni lake akavuka uwanja.

"Na mimi nina langu la sabuni! Siku ile sikumaliza kwa kuwa dukani kulikuwa na watu. Leo duka limefungwa. Leo utanisikia!"

"Panga foleni, Mama!" Bogere alimzuia. "Nimekutangulia."

Mwalimu akaja na jambo lake la watoto saba. Watu wa mfalme wakaja na hasira zao. Nyuma yao wakaja ambao hawakuwa na jambo lolote, ila hawakutaka kusimuliwa. Walisongamana wakasukumana mpaka Shamim akakimbia pale na kipenga chake. "Hapa si soko! Mmoja nyuma ya mwingine! Nyoosheni mstari!" Wakanyoosha, kila mtu akilinda zamu yake ya kumbishia mzee. Kutoka upande wa pili, ambako Isiko alikuwa bado anautazama ukuta kwa uaminifu, sauti ya upole ilisikika ikisema, "Hiyo nayo ni kweli."

Shamim alipuliza kipenga. Akahesabu kwa kugusa mabega, akarudia, akatangaza kwamba Mafabi amemzidi Isiko.

"Hapana!" shemeji wa Isiko aliruka. "Hao hawakuja kupiga kura! Wamekuja kubishana!"

"Mimi sihesabu yaliyo moyoni," Shamim alisema. "Nahesabu vichwa."

Yekosofati sasa aliruhusiwa kugeuka, akageuka. Aliona mstari mrefu kuliko alivyowahi kuota, na katika mstari huo hakuona uso hata mmoja wenye mapenzi. Bogere alikuwa ameinua kidole. Rehemah alikuwa ameshika kiuno. Mwalimu alikuwa akikariri hoja zake kwa midomo. Furaha ilimpanda mpaka kifuani, ikakutana na kiburi chake kikishuka, na kiburi kikashinda.

"Afisa," alisema, "puliza tena."

"Mzee, umeshinda."

"Siku zote nimesema mstari hausemi uongo. Huu umesema. Mimi si mtu wa kuokota watu kama kuni. Aliyekuja hapa kunijibu, wala si kunichagua, arudi alikotoka. Sitamkasirikia."

Docus alifumba macho. Alimwona Nabifo kwa karibu sana, mpaka matundu ya masikio.

Shamim alitazama jua, akamtazama shemeji wa Isiko, akapuliza. "Anayehama ahame."

Waliondoka wachache, jamaa za Isiko waliokuja kuchungulia tu. Bogere hakusogea.

"Bogere, nenda," Yekosofati alisema. "Wewe hukunichagua."

"Niende kule nikabishane na nani?" Bogere aliuliza. "Nikimwambia Isiko simu ni nzuri, atasema ni kweli. Nikimwambia ni mbaya, atasema ni kweli. Mtu atajua vipi kama ana akili? Na tumesikia kwa watu wa kwaya kwamba ukishindwa dada yako anakuchukua kwenda Mbale. Akuchukue kabla sijakushinda hata mara moja?"

"Lakini watu wanasema mimi hapa ni mgeni."

"Mgeni!" Rehemah alidakia. "Mgeni ana adabu, Afande. Mgeni akipewa chai husema asante. Mtu anayeitukana sabuni yangu mlangoni kwangu, kwenye benchi langu, huku anakunywa chai yangu, huyo atakuwa mgeni wa wapi? Huyo ni ndugu, na ndugu hatuchagui. Hesabu, binti, jua linatuua."

Yekosofati aligeuka tena kuutazama ukuta wa darasa, kana kwamba sheria bado inamtaka autazame, akaendelea kuutazama kwa muda.

Shamim alihesabu. Ushindi ulikuwa umepungua, lakini ulikuwa ushindi. Isiko alikuja kumpa mkono, akamwambia amestahili, na wote waliokuwa karibu walijua atakachosema akiulizwa kama ni kweli. Kisha Shamim, ambaye alikuwa mgeni wa mtaa na hakujua anachokifanya, alimwambia mwenyekiti mpya awaambie wananchi maneno machache.

Yekosofati alikohoa, akavuta koti lake. "Ndugu zangu wa Mpumudde," alianza.

"Kabla hujaendelea," Bogere alisema.

"Zamu yangu, Bogere!" Rehemah alimsukuma. "Sabuni kwanza!"

Docus alisikiliza mpaka hapo tu. Alienda nyumbani bila haraka, akawasha moto, akachagua maharagwe makavu kabisa, yale ambayo hayakuwa yamelowekwa na yangechukua saa nyingi kuiva, akayainjika.